Kitanda cha Waziri Hakijakazwa

Ilikuwako nchi, na bado iko, ambayo jina lake haliandikwi hapa kwa sababu kuliandika kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa ikisubiri kibali cha kufunguliwa. Watu wa nchi hiyo walikuwa na furaha. Walitangaziwa hivyo kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na yule ambaye furaha yake ilikuwa bado haijafika aliombwa asiwakatishe tamaa wenzake.

Siku moja Baba Mtukufu, mkuu wa nchi hiyo, alisema katika hotuba kwamba viongozi wafanye kazi kwa mikono yao. Wapo wanaodai alikuwa na maneno mengine ya kuongeza, lakini makofi yalivuma mno, na yalipotulia alikuwa ameshasahau. Sentensi ikabaki hivyo hivyo, ikawa sera. Televisheni ya Taifa ikaanzisha kipindi kiitwacho Mikono ya Viongozi, kinachorushwa moja kwa moja kila Jumapili. Waziri mmoja anakuja na kitu alichokitengeneza mwenyewe, anakionyesha, anapigiwa makofi, anarudi nacho kwake.

Kipindi kikatungiwa sheria ya kukilinda, Sheria ya Moja kwa Moja. Kitu kilichoonyeshwa moja kwa moja ni mali ya aliyekionyesha, yeye na wizara yake, na mtu mwingine hana ruhusa ya kukitengeneza. Neno lililosemwa moja kwa moja halifutiki. Na ni marufuku kukata matangazo wakati waziri bado anaonekana kwenye kioo. Hicho kifungu cha mwisho kiliongezwa baada ya fundi mitambo mmoja kumkata Waziri wa Mifugo katikati ya sentensi ili aonyeshe mpira. Sasa fundi mitambo huyo anachunga mbuzi wa wizara huko mpakani, na mpira wenyewe ulitoka sare.

Waziri wa Maji alikuja na chungu. Wiki haijaisha, wafinyanzi wa Kiburuge wakapigwa marufuku, na bibi mmoja akakamatwa na udongo kwenye kucha. Waziri wa Elimu alikuja na mzinga wa nyuki. Warina asali wakaambiwa nyuki sasa wana mwenyewe. Kisha ikafika zamu ya Mheshimiwa Gombera, Waziri wa Fahari ya Taifa, mtu mwenye mwili wa kujaza mlango na sauti ya kujaza uwanja. Yeye alisema hataki vitu vya kubeba mkononi. Anataka kitanda.

Ndivyo gari la wizara lilivyofika Mtaa wa Kamba, kwa Fundi Chande.

Chande alikuwa mwamba vitanda, fundi wa kusuka vitanda vya kamba, mtu wa makamo, mfupi, mwenye vidole vinene kama mihogo na mdomo usio na breki. Asubuhi hiyo alikuwa barazani na mwanawe Mwanne, binti aliyeanza kuaminiwa kazi za watu, wakimalizia kuwamba kitanda kikubwa cha ukambaa. Kutoka garini akashuka Bwana Pazi, Afisa Itifaki, kavaa suti na miwani ya jua, nyuma yake kundi la watu wa kutikisa vichwa.

“Wewe ndiye Chande?”

“Ndimi. Karibu, ila usikanyage kamba.”

“Mheshimiwa Waziri amewamba kitanda,” akasema Bwana Pazi.

“Hongera zake. Kiko wapi?”

“Ndicho hicho unachokiwamba.”

Bi Siwema, mke wa Chande, alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Akauweka ungo chini. “Huyu mgeni kanywa chai kweli?” akauliza. “Au ni jua?”

Bwana Pazi hakuwa na wakati wa kuchekwa. Akaeleza kwamba Jumapili kitanda kitaonyeshwa moja kwa moja, na kwamba Chande mwenyewe atapata heshima ya kuwepo. Atavaa ovaroli jipya lenye neno SHAHIDI mgongoni, atasimama kando ya kitanda, na akiulizwa atasema sentensi moja tu: “Nilimwona Mheshimiwa akiwamba kwa mikono yake.”

“Na huu mtaa je?” akauliza Chande.

“Mtaa utapangiwa kazi nyingine. Wizara ina mpango wa watu wa kupunga bendera.”

Mwanne akaacha kusuka. Chande akamtazama binti yake, akatazama baraza za jirani ambako watu walikuwa wamesimama na kamba mikononi, kisha akasema, “Sawa. Mlete Waziri.”

“Nimlete wa nini?”

“Kitanda hakijakazwa. Aje alale nimkazie.”

Hapa inabidi mgeni aelezwe. Mtaa wa Kamba kitanda kipya hakitoki kimekazwa. Kinaachwa kimelegea kama wavu, mwenyewe analala juu, anazama mpaka magoti yanakaribia kukutana na masikio. Fundi anakwenda upande wa miguuni, anashika kamba ya mwisho na kuuliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili: “Kitanda kawamba nani?” Aliyelala anamtaja fundi kwa jina lake. Akishataja, fundi anavuta, na kamba zinapanda na mtu wake zikiwa zimeshaujua mgongo wake. Bibi arusi hufanyiwa hivyo, shangazi zake wakipiga vigelegele. Mgonjwa hufanyiwa. Kitanda kinachokazwa kitupu ni kimoja tu, cha kuoshea maiti, kwa sababu maiti hawezi kujibu.

“Waziri alale hapa?” Bwana Pazi akavua miwani. “Mchana? Barazani? Watu wakimwona? Halafu aseme kimewambwa na wewe? Kikaze tu, mzee. Kikaze kitupu.”

Mtaa mzima ulivuta pumzi.

“Rudia,” Chande akasema polepole. “Mbele ya hawa wote. Unataka nimkazie Mheshimiwa kitanda cha maiti?”

Watu wa kutikisa vichwa wakaacha kutikisa. Askari waliyekuja naye akasogea nyuma hatua moja, ili isije ikaandikwa kwamba alisikia. Bwana Pazi akawaita wenzake garini, wakapandisha vioo, wakafanya kikao humo humo huku injini ikiunguruma. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyependekeza kifo cha Waziri. Walipotoka, jasho likiwachuruzika, Bwana Pazi alisoma azimio: kitanda kitabaki katika hali yake ya asili, na kulegea kwa kamba kutatangazwa kuwa ishara ya unyenyekevu wa uongozi.

“Mwambieni asikikalie,” Chande akawapigia kelele gari likiondoka. “Mmesikia? Asikikalie!”

Hawakumwambia. Nani angeanza kumwambia Waziri kuna kiti nchini asichoweza kukalia?

Jumapili asubuhi ovaroli lilikuwa limetundikwa msumarini. Chande alilitazama kama mtu anayemtazama mkwe asiyemtaka.

“Baba Mwanne,” akasema Bi Siwema, “utasema ile sentensi?”

“Nikiisema, neno halifutiki. Mtaa umekwisha, na huyu mtoto atakwenda kupunga bendera. Nisipoisema, watanivunja mbavu, na pengine mtaa unakwisha vile vile.”

“Hizo mbavu ni zako, sikuchagulii. Lakini wewe hukunyamaza hata kwenye msiba wa mjomba wangu, ulimwambia imamu kaburi limepinda. Leo ndio ujifanye bubu?”

“Kaburi lilikuwa limepinda kweli.”

“Basi nenda kavae.”

Studio ilikuwa na baridi ya mashine na viti vya watazamaji vilivyojaa wafanyakazi wa wizara, ambao walikuwa wamefanya mazoezi ya kushangilia tangu Ijumaa. Mtangazaji, Dada Zawena, alikuwa amepakwa poda mpaka akawa hawezi kukunja uso hata angetaka. Kitanda kilikuwa katikati, chini ya taa, kamba zake zikining'inia tumboni.

Taa nyekundu ikawaka. Nchi nzima ikawa inatazama, kwa sababu chaneli nyingine ilikuwa ikionyesha chaneli hii.

Mheshimiwa Gombera akaingia. Makofi yakachukua muda wake, kisha akashika mfumbati, mti wa ubavuni mwa kitanda, kama mtu anayeshika pembe la ng'ombe wake.

“Ndugu wananchi! Mimi ni mtoto wa mkulima. Nilipokuwa mdogo nililala chini. Nikajiuliza, je, taifa nalo lilale chini? Hapana! Ndipo nikachukua kamba. Nikaisuka usiku na mchana, huku nikisoma mafaili kwa jicho lingine. Tazameni ulegevu huu. Kiongozi mwenye kiburi hukaza. Kiongozi mnyenyekevu hulegeza!”

Wizara ikasimama ikapiga makofi.

“Na tunaye shahidi,” akasema Dada Zawena, akitabasamu kwa upande wa uso ambao poda iliruhusu. “Mzee wetu, waeleze wananchi. Ulimwona Mheshimiwa akiwamba kwa mikono yake?”

Kamera ikamgeukia Chande. Nyuma ya kamera Bwana Pazi alikuwa ameinua kibao chenye sentensi yote imeandikwa kwa herufi kubwa, na mkono wake mwingine ukimwonyesha askari wawili mlangoni.

Chande akafikiria mbavu zake. Akamfikiria Mwanne na bendera ya karatasi.

“Mheshimiwa nimemwona leo kwa mara ya kwanza,” akasema. “Kitanda nimekiwamba mimi na binti yangu Mwanne, barazani kwetu, Mtaa wa Kamba. Na hakijakazwa.”

Kibao cha Bwana Pazi kilishuka taratibu mpaka kikamfunika uso.

Waziri akacheka, kicheko cha jukwaani. “Mzee huyu umri umemchanganya. Wananchi, kitanda kinamjua aliyekiwamba! Nitawathibitishia.”

“Mheshimiwa, usikikalie.”

“Unanifundisha kitanda changu?”

“Nakwambia hakijakazwa. Utazama.”

“Mimi!” akanguruma Mheshimiwa Gombera, Waziri wa Fahari ya Taifa, na akajitupa.

Kitanda kilimpokea mzima mzima. Matako yalitangulia, kiwiliwili kikafuata, kamba zikafunga juu ya tumbo, na palipokuwa na Waziri pakabaki viatu viwili vinavyong'aa vikitazama dari, na katikati ya viatu uso wake, mwekundu, karibu na magoti yake kuliko alivyowahi kuwa tangu tumboni mwa mama yake.

Wizara, kwa mazoea, ikapiga makofi.

“Kata!” akanong'ona Bwana Pazi. “Kata matangazo!”

Fundi mitambo akatoa kichwa kwenye chumba chake cha vioo. “Waziri anaonekana?”

“Kidogo.”

“Kidogo ni kuonekana. Mimi sitaki mbuzi.”

Walinzi wakakimbilia kitandani, wakashika mikono ya Waziri wakavuta. Kamba za kitanda kilicholegea hazipendi kuvutwa kutoka juu. Zilimbana zaidi, naye akatoa sauti ambayo haikuwa kwenye hotuba. Bwana Pazi akawazuia. Nchi nzima ilikuwa inaona watu wenye silaha wakimvutavuta waziri, na yupo jenerali mmoja ambaye, akiona hivyo, angedhani mapinduzi yameanza na yeye amesahauliwa.

Chande hakuwa ameondoka. Alivuta kigoda, akakaa upande wa miguuni, akashika kamba ya mwisho na kuiweka mapajani.

“Nitamwinua,” akasema, “kama ninavyomwinua kila mtu. Mheshimiwa, kitanda kawamba nani?”

“Nimekiwamba mimi!” ikatoka sauti kati ya magoti.

“Basi jikaze mwenyewe.”

Ikawa hivyo. Kipindi kilichopangwa kwisha kabla ya chai kiliendelea. Mwanzoni Waziri aliamua kuhutubia kutoka humo humo. “Ndugu wananchi, mimi nimelala ili nchi isimame,” akasema, na wizara ikashangilia. Akazungumzia umuhimu wa kuangalia mambo kutoka chini. Akasifu dari. Baada ya hapo pumzi zikawa chache na maneno yakawa mafupi. Dada Zawena aliwaaga watazamaji, akawakaribisha tena, akawaaga tena. Majumbani watu waliwaita jirani zao. Kwenye vibanda vya kahawa walihamisha mabenchi.

“Mheshimiwa, kitanda kawamba nani?” Chande akawa anauliza kila baada ya muda, bila haraka, kama mtu anayeuliza kama maharage yameiva.

“Utanyongwa, mzee.”

“Inawezekana. Kamba ninayo. Lakini si hilo nililouliza.”

Kilichomshinda Mheshimiwa Gombera hakikuwa aibu; aibu aliizoea zamani. Kabla ya kipindi alikuwa amekunywa birika la chai ya tangawizi na madafu, kwa ajili ya sauti, na sasa alikuwa amekunjwa pale pale ambapo mtu aliyekunywa hivyo hapaswi kukunjwa. Uso wake ulibadilika. Taifa lote lilimwona akihesabu. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema, “Kawamba Chande.”

“Sijakusikia. Na jirani wa nyumba ya pili hajasikia.”

“Kawamba Chande!” akapiga kelele Waziri, vioo vya chumba cha mitambo vikatetemeka. “Chande na binti yake! Mtaa wa Kamba! Vuta, mzee, kwa jina la Mungu, vuta!”

Chande akavuta. Alivuta kama baba yake alivyomfundisha, mguu kwenye tendegu na mgongo wote nyuma, na Waziri akapanda juu taratibu kama andazi kwenye mafuta, mpaka akawa amelala bapa, mikono kifuani, kwenye kitanda ambacho hata yeye, kwa sekunde moja, alionekana kukipenda. Kisha akashuka na kukimbilia mlango wa pembeni. Waziri hakuonekana tena kwenye kioo. Matangazo yakakatwa.

Neno lilikuwa limesemwa moja kwa moja, na halifutiki. Kitanda kilikuwa kimeonyeshwa, na aliyekionyesha alikuwa ametaja kwamba mwenyewe ni Chande na mtaa wake. Wanasheria wa serikali walikaa Jumatatu nzima wakiitafuta njia ya kutoka kwenye sheria waliyoitunga wenyewe, wakakuta wameijenga vizuri sana. Vitanda vya kamba vilikuwa mali ya Mtaa wa Kamba.

Kwa hiyo Jumanne wakamkamata Chande kwa kosa lingine, la kukutwa na kamba karibu na kiongozi.

Alipelekwa kituo kikuu cha polisi, kilicho kwenye Barabara ya Baba Mtukufu, mkabala na sanamu ya Baba Mtukufu. Inspekta Magwala, mkuu wa kituo, alikuwa mtu mwenye mgongo mbovu na hasira zinazotokana nao.

“Utakaa humu mpaka ukubali kwamba ulichosema kwenye televisheni hukukisema,” akamwambia.

“Nimekisema moja kwa moja, Inspekta. Sheria hairuhusu nikifute. Unanishawishi nivunje sheria ndani ya kituo cha polisi?”

Inspekta akaamuru apewe kofi. Akapewa. Akatema damu kidogo, akasema, “Nalo hilo kofi halifuti kitu,” akapewa jingine, wakamfungia.

Asubuhi iliyofuata Bi Siwema alitokea mbele ya kituo. Hakuwa na bango. Bango lilihitaji kibali. Alikuwa na Mwanne, na walikuwa wamebeba kitanda kipya, kimelegea. Wakakiweka katikati ya barabara, Bi Siwema akalala juu yake, akazama.

“Mama, ondoka barabarani,” akasema askari wa zamu.

“Nitaondokaje, mwanangu? Huoni nimezama? Namsubiri fundi anikaze.”

“Fundi yuko ndani.”

“Basi na mimi niko hapa.”

Kabla jua halijawa kali Mtaa wa Kamba wote ulikuwa umehamia barabarani. Kila mtu na kitanda, kila kitanda na mtu wake kazama. Wakaja wafinyanzi wa Kiburuge, na yule bibi mwenye udongo kwenye kucha, akachagua kitanda karibu na sanamu. Wakaja warina asali. Wakaja na watu wasiojua kazi yoyote ya mikono, ambao walisema wao pia migongo inawauma. Askari walijaribu kuwaondoa wakagundua kile ambacho walinzi wa Waziri waligundua: mtu aliyezama ukimvuta anabanwa zaidi, na kitanda chenye mtu ndani kinataka watu wanne wenye nia njema. Askari wanne walikuwepo. Nia njema ilikuwa haijaletwa kituoni mwaka ule.

Barabara nzima ikawa viatu na magoti yakitazama juu. Kutoka kitanda hadi kitanda maneno yalipita, watu wakitaniana, mtu mmoja akilalamika kwamba jirani yake anakoroma na jua hili lote.

Simu ya Inspekta ikalia. Akasikiliza, akisimama wima licha ya mgongo wake, kisha akaiweka chini kana kwamba ilikuwa yai. Adhuhuri msafara wa Baba Mtukufu ungepita Barabara ya Baba Mtukufu kwenda kuzindua kalvati.

Akaenda mwenyewe kumfungulia Chande. “Toka,” akasema. “Uko huru. Hakuna kosa, hakuna jalada, hukuwahi kufika hapa. Waondoe watu hawa haraka.”

Chande akatoka mpaka ngazini, jicho moja limevimba. Akaitazama barabara kuanzia sanamu mpaka inapopinda. Akamwona Mwanne kasimama kando ya kitanda cha mama yake, kashika kamba ya mwisho, akimngoja.

“Haraka haiwezekani,” akasema Chande. “Kila mmoja lazima aulizwe, na lazima ajibu.”

“Msafara uko njiani, mzee! Nakuomba!”

“Unaumwa mgongo, eti?”

Inspekta akatazama huku na huko. “Tangu mwaka juzi,” akanong'ona.

“Kuna kitanda kitupu pale karibu na mtaro. Kakilalie, nikukaze zamu yako ikifika.” Kisha akageuka, akainua mkono wake kwa binti yake, na sauti yake ikafika nyumba ya pili, na ya tatu, na hadi kule ambako ving'ora vya msafara vilikuwa vimeanza kusikika.

“Kitanda kawamba nani?”

Barabara nzima ikajibu.